Mtani Alipochukua Ufunguo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zuena alifagia uwanja wa nyumba yao pale Kibada, Kigamboni. Mikono ilifagia, lakini masikio yalikuwa na kazi yake barabarani. Pikipiki ikipita nyuma ya ua, hakuinua hata kichwa.

"Hiyo?" aliuliza bibi yake, Bi Zubeda, aliyekuwa kibarazani akichambua mchele.

"Ndogo, bibi. Cc mia na kumi. Mnyororo umelegea."

"Na hiyo?"

"Mia na hamsini. Bomba la moshi limetoboka."

"Na hiyo inayokuja?"

Zuena alisikiliza kidogo. "Hiyo blenda ya Mama Yuliana, bibi. Anasaga juisi."

Bi Zubeda alicheka mpaka mchele ukataka kumwagika. Alijivunia masikio ya mjukuu wake kuliko watu wengine wanavyojivunia nyumba za ghorofa. Mafundi wa kijiweni nao walishazoea. Pikipiki ikiwashinda, walimsubiri Zuena atoke shule, aje asikilize, awaambie ugonjwa uko wapi. Naye aliwaambia, mikono nyuma kama daktari, hata kama sketi ya shule ilikuwa na tope.

Zuena aliishi na bibi yake pamoja na mama yake mdogo, Nusaiba, kwa kuwa mama yake mzazi alikuwa akifanya kazi Mtwara. Nusaiba alikuwa na miaka ishirini na miwili, mchapakazi, mcheshi, na mfupi. Ufupi wenyewe ulikuwa wa kuridhisha. Akitaka sufuria la juu alipanda kigoda, na kigoda nacho kilipanda tofali.

Siku hizo Nusaiba alikuwa na jambo moja tu kichwani. Bi Felicitas, mwenye duka la dawa karibu na soko, alikuwa akitafuta mtu wa kuwapelekea dawa wagonjwa wasioweza kutembea. Kazi alishamwahidi Nusaiba, ila kwa sharti: kabla mwezi haujaisha, awe na pikipiki na leseni kamili mkononi. Asipokuwa nayo, kazi anapewa mwingine.

Nusaiba alishapata leseni ya kujifunzia, ile ambayo watu wa mtaani huiita lena. Ilikuwa ya daraja la pikipiki ndogo, zenye injini isiyozidi cc mia moja ishirini na tano. Akiba ya kununulia pikipiki ilikuwepo. Kilichobaki kilikuwa kuchagua.

Hapo sasa ndipo Zuena alipokuwa na jambo lake la siri.

Shuleni alikaa dawati moja na Farhan, kijana mwenye maneno mengi kuliko vipindi vya ratiba. Kaka yake Farhan alikuwa na pikipiki kubwa, na Farhan alihakikisha hakuna mtu darasa la sita anayesahau habari hiyo.

"Nyie mtanunua kile kipikipiki cha kubebea trei za mayai," alimwambia Zuena siku moja. "Kikipita, hata kuku hageuki."

"Thubutu!" alijibu Zuena. "Sie tunanunua lidude. Mama mdogo akija kunichukua hapa, madirisha yatatetemeka. Utakimbilia chini ya dawati."

Darasa zima lilisikia. Neno lilishatoka, na halikuwa na njia ya kurudi mdomoni.

Basi walipokwenda kuchagua kwa Rogers, kijana aliyeuza pikipiki zilizokwishatumika mwisho wa mtaa, Zuena alijua anachokitaka. Uani kwa Rogers kulikuwa na pikipiki mbili zilizobaki. Moja ilikuwa nyekundu, fupi, nyembamba, na kiti cha chini. Nyingine ilikuwa nyeusi tii, tangi limevimba kama nundu ya ng'ombe, taa kubwa, na nembo za ubavuni zimebanduka.

Nusaiba alikwenda moja kwa moja kwenye nyekundu. Zuena alimvuta mkono.

"Mama mdogo, hebu ione hii kwanza. Hii ndiyo pikipiki. Ile ni baiskeli iliyokula ikashiba."

Rogers alipiga stata. Ile nyeusi ilinguruma, mabati ya jirani yakaitikia. Zuena alijua palepale: hiyo ilikuwa mia mbili. Hakuhitaji hata kufikiri. Lakini alinyamaza, akatabasamu.

"Inafaa mtu mwenye lena?" aliuliza Nusaiba.

"Dada yangu, hii hata mtoto anaendesha," alisema Rogers. "Tena mie mwenyewe nitakufundisha. Kaeni nayo wiki moja, ikiwakaa vizuri mnanilipa na ninawakabidhi kadi yake."

Bi Zubeda aliizunguka pikipiki, akaipigapiga tangi kama mtu anayenunua tikiti maji. Ya pikipiki hakuyajua, ila alipenda kitu kinachojaa macho. "Haya," alisema. "Ijaribuni."

Walipofika nyumbani wakisukuma lidude lao, walimkuta jirani yao, Mzee Stanley, ameegemea ua akiwasubiri. Mzee Stanley alikuwa mwalimu wa udereva aliyestaafu. Zaidi ya hapo, alikuwa Mnyamwezi wa Tabora na Bi Zubeda alikuwa Mzaramo, maana yake walikuwa watani. Mtani ana ruhusa ya kukusema atakavyo, nawe usinune. Ukinuna, umeshindwa. Ana ruhusa hata ya kubeba kitu chako mchana kweupe, na ukikitaka unakikomboa kwa kitu kingine. Wawili hao walitaniana tangu Zuena hajazaliwa, asubuhi na jioni, kama watu wanaomeza dozi.

"Shikamoo, babu," alisema Zuena.

"Marahaba, mjukuu. Nyie Wazaramo leo mmeamka mapema, ngoma iliharibika?"

"Ngoma nzima," alijibu Bi Zubeda. "Tumeisimamisha tukupishe upite na mzigo wako kichwani. Babu yako alifika pwani na pembe za ndovu utosini, ndiyo maana mpaka leo shingo zenu ni fupi."

Mzee Stanley alicheka. Kisha akaitazama ile pikipiki, akamtazama Nusaiba, na kicheko kikapungua.

"Mtani, mashine hii si ya mwanao. Imepita leseni yake. Isitoshe, miguu haitafika chini. Itamlaza."

"Tangu lini Mnyamwezi akajua magurudumu?" Bi Zubeda alipiga makofi. "Nyie usafiri wenu kichwa na miguu!"

"Safari hii sitanii, mtani."

"Na hiyo ndiyo tamu kuliko zote! Juzi alisema hatanii, nikampa chumvi, kumbe anakwenda kumwambia Mama Yuliana kuwa kwangu kuna msiba wa mboga!"

Majirani waliokuwa wakichungulia waliangua kicheko. Nusaiba naye alicheka, lakini kidogo. Alimgeukia mama yake, na Bi Zubeda, alipoona uso wa binti yake, akamgeukia mjukuu.

"Haya, wewe ndiye mwenye masikio hapa. Mtani kasema kweli, au anatania?"

Zuena alihisi macho yote usoni mwake. Ya bibi yalikuwa yamejaa imani. Ya Mzee Stanley yalikuwa yanasubiri. Kichwani alimwona Farhan, na madirisha ya darasa.

"Anatania, bibi," alisema.

Bi Zubeda alifunga mjadala kwa kicheko. Mzee Stanley alimtazama Zuena kidogo, akaingia ndani kwake.

Jumamosi walikwenda kwenye kiwanja cha mpira, Nusaiba amevaa kofia ngumu, herufi L imebandikwa mbele na nyuma, Rogers akielekeza. Zuena alikaa pembeni kutazama. Mwanzoni alitazama kwa furaha.

Nusaiba alipopanda, vidole vya miguu viligusa mchanga kwa shida, kama mtu anayechungulia dirishani. Aliachia klachi, pikipiki ikaruka mbele kama mbuzi aliyekata kamba. Akakamata breki. Pikipiki ikasimama, ikaanza kuegemea kushoto taratibu. Nusaiba alinyoosha mguu wa kushoto kuizuia, na mguu ukatafuta ardhi bila kuiona. Lidude likalala, naye chini yake.

"Utaizoea!" alisema Rogers akiinyanyua.

Mara ya pili ilimlaza kulia. Mara ya tatu bomba la moshi lilimgusa shavu la mguu, na Nusaiba akapiga kelele. Lengelenge lilitokea palepale, kubwa kama sarafu. Alijaribu kuiinua pikipiki mwenyewe akashindwa. Alikaa mchangani, kofia bado kichwani, na machozi yakamtoka humo ndani ya kofia.

"Labda pikipiki si ya watu kama mie," alimwambia Zuena walipokuwa wakirudi. "Kesho nitakwenda kumwambia Bi Felicitas atafute mwingine."

"Usiseme hivyo, mama mdogo."

"Nisemeje? Wewe umesikia injini yenyewe, ukasema inafaa. Basi tatizo si pikipiki. Tatizo ni mie."

Zuena alitamani ardhi impokee. Mbaya zaidi, jioni hiyo Bi Zubeda hakukubali binti yake akate tamaa. Alimwita Rogers, na Rogers akaja na dawa yake.

"Mchanga ndio unaomsumbua, bibi. Kesho tunaingia lami. Barabara ya kwenda feri. Pale ni tambarare, atanyooka mwenyewe."

"Umesikia?" Bi Zubeda alimwambia Nusaiba. "Mchanga tu huo. Kesho lami."

Zuena aliijua barabara ile. Malori ya mchanga na kokoto yalipita pale kama yanafukuzwa. Aliwaza lidude likimlalia mama yake mdogo kushoto, kama lilivyomlalia kiwanjani, na lori likiwa nyuma. Alifungua mdomo. Kisha akafikiria bibi atakavyomtazama, akaufunga.

Asubuhi, Rogers alikwishafika. Pikipiki ilikuwa imetolewa nje, ufunguo umo, majirani wamekusanyika kuaga kana kwamba Nusaiba anakwenda Hija. Nusaiba alikuwa akivaa kofia. Ghafla Mzee Stanley alipenya katikati ya watu, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Nimechukua!" alitangaza. "Mali ya Wazaramo ni mali yangu. Nani ananinunia?"

Watu walishangilia. Rogers alitaka kufura, mwanamke mmoja akamvuta shati: "Tulia we, huo utani wa wakubwa."

"Tunaukomboa kwa kitu gani, mtani?" aliuliza Bi Zubeda akicheka.

"Nusaiba akae kitini, akanyage chini kwa nyayo zote mbili. Vidole sitaki. Nataka kisigino."

Nusaiba alipanda. Alinyoosha kulia, kushoto kukapanda. Alinyoosha kushoto, kulia kukapanda. Alikuwa kama mizani ya muuza nyanya. Watoto waligaragara kwa kicheko. Nusaiba alishuka, uso umeinama.

"Umeona, mtani?" alisema Mzee Stanley, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe.

Lakini Bi Zubeda alikuwa keshaingia kwenye mchezo na hakuwa tayari kushindwa na Mnyamwezi mbele ya mtaa. Alikwenda bandani mbio, akarudi na jogoo wake mwekundu, akamsukumia Mzee Stanley kwapani.

"Jogoo huyo! Tumekomboa! Rudisha ufunguo, tunachelewa!"

"Kakomboa! Kakomboa!" mtaa uliitikia.

Mzee Stanley alisimama na jogoo kwapani. Desturi ni desturi. Kitu kikishakombolewa, mtani hana budi kukirudisha, la sivyo utani unageuka wizi. Alitia mkono mfukoni polepole sana, akatoa ufunguo. Hakumtazama Bi Zubeda. Alimtazama Zuena.

Zuena alisikia moyo wake ukigonga, na huo nao ulikuwa na sauti ya injini kubwa. Nusaiba alishanyoosha mkono kupokea.

"Usipokee!" Zuena alipiga kelele. "Bibi, babu Stanley hakutania!"

Kicheko kilianza tena, kikafa njiani, maana mtoto alikuwa analia.

"Ni mie niliyedanganya. Ile pikipiki ni mia mbili. Nilijua tangu kwa Rogers, nilipoisikia tu. Nilitaka kubwa kwa sababu nilijisifu shuleni. Mama mdogo hana tatizo lolote. Pikipiki ndiyo haimfai."

Bi Zubeda alimgeukia Rogers. "Ni kweli, mia mbili?"

Rogers alijikuna kisogo. "Kwenye kadi imeandikwa hivyo, bibi. Ila mie sikuulizwa cc. Niliulizwa kama inafaa."

"Na watoto wangapi umewaona wakiendesha hiyo?" aliuliza Bi Zubeda. Rogers akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Nusaiba alivua kofia. Alimgeukia Zuena. "Lengelenge hili," alisema, akionyesha mguu wake, "nililala nalo nikijua nimelipata kwa ujinga wangu."

"Nisamehe, mama mdogo."

"Nitakusamehe. Ila leo bado linauma, niache kwanza."

Mzee Stanley alimwachia jogoo akimbie, akaongoza msafara mzima kurudi kwa Rogers, lidude likisukumwa nyuma. Safari hii alizungumza kama mwalimu, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie Kibada alimwita Bi Zubeda kwa jina lake. Bi Zubeda alisikiliza.

"Panda hii nyekundu," alimwambia Nusaiba. Nyayo zilitua chini, zote mbili, kisigino na kidole, na bado magoti yakapinda kidogo. "Vizuri. Sasa shuka, ilaze." Nusaiba aliilaza. "Iinue mwenyewe, mtu asikusaidie." Alishika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine, akaegemeza mgongo, akasukuma kwa miguu. Ikainuka. Nusaiba mwenyewe alishangaa, akacheka kwa sauti.

"Anayejifunza ataanguka tu," alisema Mzee Stanley. "Basi achague pikipiki anayoweza kuinuka nayo. Rogers, leta kadi. Tusome cc kabla ya kusifu rangi."

Kadi ilisema mia na kumi. Zuena hakuulizwa, lakini Mzee Stanley alimwita mwenyewe. "Haya, daktari. Piga stata, tuambie. Na mara hii tuambie unachokisikia, si unachokitaka."

Zuena aliiwasha. Alisikiliza akiwa amefumba macho. "Ni mia na kumi kweli. Injini nzima. Ila breki ya nyuma inasaga, viatu vyake vimekwisha. Na indiketa ya kulia nimeibonyeza, haifanyi mlio. Nadhani haiwaki."

Rogers alikagua. Breki ilikuwa imekwisha na indiketa ilikuwa imekufa. Alizitengeneza siku hiyohiyo, kwa kuwa Bi Zubeda alikuwa ameketi mbele yake kwenye ndoo.

Kila jioni Mzee Stanley alimfundisha Nusaiba kiwanjani, kisha njia za ndani, kisha lami alipokuwa tayari. Kila baada ya mafunzo Zuena aliiosha pikipiki, adhabu aliyopewa na bibi, na aliifanya bila kununa. Shuleni nako hakungoja kuulizwa. Alimwambia Farhan mbele ya darasa zima: "Tumenunua ndogo. Kubwa haikuwa halali kwa leseni ya mama mdogo. Nilisema uongo." Farhan alitayarisha kicheko chake, lakini aliona Zuena hana haya wala hasira, akashindwa kukitumia. Aliishia kuuliza hiyo leseni ina madaraja mangapi.

Mwezi haujaisha, Nusaiba alifanya mtihani. Alipita kati ya vigingi, akasimama kwenye mstari, akakanyaga chini kwa nyayo mbili kama mwenye nyumba. Alifaulu. Siku aliyopata leseni yake, Bi Felicitas alimkabidhi mkoba wa dawa wa kwanza, na kabla ya kuondoka Nusaiba alimwita Zuena na kumkumbatia.

Jioni hiyo Bi Zubeda alimwita mjukuu wake kibarazani, akampa nafasi mkekani.

"Unajua kwa nini nilikukasirikia?" aliuliza.

"Kwa sababu nilisema uongo."

"Uongo ninao hata mie. Juzi nilimwambia mtani sina karanga, na nilikuwa nazitafuna. Lakini yeye alijua, na mie nilijua anajua, tukacheka wote. Huo ni utani. Wewe nilikuuliza kwa sababu nilikuamini. Nilimkabidhi mwanangu kwa masikio yako, nawe ukayatumia kujinunulia sifa. Mtu akikuuliza unachokijua, Zuena, na maisha ya mwingine yanasubiri jibu, hapo hujibu cha kukupendeza wewe. Unajibu kilicho kweli, hata kikiwa kidogo na hakitetemeshi dirisha."

"Nimeelewa, bibi."

"Na mie nimeelewa langu. Nilipenda kucheka mpaka nikasahau kusikiliza. Kesho nitamwomba radhi Mzee Stanley." Bi Zubeda alijinyoosha, akamkonyeza. "Lakini asubuhi na mapema, kabla hajapiga mswaki. Asije akazoea."